Lori Lenye Tundu Upande wa Kulia

Mke wangu amesema nikitaka amani humu ndani niache kuifungua redio yake. Nina miezi mitatu tangu nistaafu, na katika miezi hiyo nimeshafungua redio mara mbili, jiko la mafuta ya taa mara moja, na kitasa cha mlango wa uani ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Akili imepokea barua ya kustaafu, lakini mikono haijaipokea. Wiki iliyopita vijana wa karakana wakaniletea daftari hili wakasema, "Mzee Yoeli, tuandikie ulivyokuwa unayatambua malori ya zamani kwa picha, maana ukiondoka utaondoka nayo." Nimewashukuru kwa kunitakia maisha marefu. Naandika, ila mnivumilie. Nakaa dakika kumi, nasimama, nazunguka uani, narudi. Mkiona sentensi imekatika ghafla, jueni nilikuwa nimekwenda kutazama kama geti limefungwa.

Vyeo sitaviandika, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika kazi.

Nilitoka Mvumi nikiwa na cheti cha ufundi na viatu vya kuazima. Karakana ya serikali hapa Dodoma siku hizo ilikuwa na kazi ambayo nyinyi hamkuikuta. Malori ya jeshi yakishachoka yaligawiwa idara za kiraia, yakabeba maji, mabomba na mahindi ya njaa. Yakichoka mara ya pili, yalikuja kwetu. Siku ya kwanza nilipewa brashi ya waya nikaambiwa nisugue chesisi mpaka namba ionekane. Nilisugua tangu asubuhi hadi saa nane mchana, vidole vikatoka malengelenge. Namba ilipojitokeza, mzee mmoja mfupi, ovaroli yake imefifia hadi hujui ilikuwa ya rangi gani, akainama akaisoma. Akasema, "Umefanya kazi nzuri sana. Sasa nenda kasugue lori ulilopewa, ni lile pale."

Huyo ndiye Fundi Lameki, mwalimu wangu. Mgogo kama mimi, ila yeye alikuwa ameyatengeneza malori ya jeshi tangu enzi za mkoloni. Asubuhi aliniambia "Mbukwa", nami nikamwitikia "Mbukwa", na baada ya hapo hakufungua kinywa mpaka wakati wa chai. Kimya chake kilinisumbua sana. Mimi ni mtu wa kugusagusa na kuulizauliza, na mara nyingi alinipa tupa na kipande cha chuma ili tu nitulie.

Alikuwa na kopo la biskuti lililojaa picha za zamani za malori ya jeshi. Nyingine zilikatwa kwenye vitabu vya kiwandani, nyingine zilipigwa kambini, askari wamepanga mstari mbele ya magari kana kwamba wameyazaa wao. Kwa picha hizo alinifundisha kwamba lori la jeshi kama lilivyotoka kiwandani si lori la raia lililopakwa kijani. Lina ndoano za kuvutia mbele na nyuma, kila ndoano na pini yake, na kila pini na mnyororo wake mdogo ili isipotee. Nyuma, chini kabisa, lina taa moja ndogo inayomulika bakuli la difu, lile lililo katikati ya ekseli ya nyuma, na bakuli lenyewe limepakwa rangi nyeupe, ili dereva wa nyuma afuate ule weupe pale msafara unapotembea umezima taa. Rimu zake ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati, na nati hizo zimepakwa rangi nyekundu kukuonya usiziguse tairi likiwa na upepo. Namjua mtu mmoja aliyezigusa. Kofia yake tuliikuta juu ya bati.

Na lina tundu juu ya paa la kebini. Hili mlishike, maana ndilo lililoniponza. Ni tundu la duara lenye mfuniko, askari asimame juu ya kiti achomoze kifua akiwa na bunduki. Kwa kuwa dereva hawezi kuendesha huku amesimama, kiwanda kililiweka tundu juu ya kiti cha pili. Malori yetu usukani uko kulia, kwa hiyo tundu liko kushoto. Lakini kiwanda hicho hicho kiliuza malori kwa nchi zinazoendesha usukani ukiwa kushoto, na hayo tundu lake liko kulia. Fundi Lameki alikuwa na picha mbili za namna hiyo. Nadhani Dodoma nzima tuliojua habari hiyo tulikuwa yeye na mimi.

Kusoma picha kulikuwa na utaratibu wake. Unaanza puani mwa gari unakwenda mkiani, unahesabu kila kitu kwa sauti ya chini. Ila kabla ya yote unafunika watu. Alikata vipande vya karatasi ngumu kutoka kwenye maboksi ya majani ya chai, vikubwa kwa vidogo, akavipanga juu ya kila mtu aliyekuwemo pichani hadi libaki gari peke yake. Nilipomuuliza sababu alinijibu, na kwake hilo lilikuwa jibu refu: "Watu ndio wanaodanganya kwenye picha. Mtu akitabasamu, nawe unatabasamu, na ukishatabasamu huoni tena bolti. Chuma hakitabasamu." Alipostaafu aliniachia kopo, lenzi yake ya mkononi yenye ufa pembeni, na bahasha ya vile vikaratasi.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Waliokuwa wamekatazwa kufanya biashara wakaruhusiwa, na kila mwenye ndugu mwenye pesa akataka lori. Mashirika yaliyokuwa na malori yakaanza kuvunjwa moja baada ya jingine, magari yakauzwa kwa mnada, na mafaili yake hakuna aliyeyataka isipokuwa wauza karanga. Siku moja nilinunua karanga Majengo zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa matengenezo niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilizila pale pale nimesimama, nikausoma, nikaona mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Mafundi wa mitaani wakawa wanachukua kebini ya lori hili wanaiweka juu ya chesisi ya lori lile, injini ya tatu, difu ya nne, kisha linapakwa rangi ya bluu na kuandikwa maneno ya kumtegemea Mungu. Kumtegemea Mungu kulihitajika kweli. Polisi wakaanza kuniita kila waliposhuku gari: Yoeli, njoo utuambie hili ni gari gani. Nilikwenda na lenzi, chaki, brashi ya waya na kopo. Sikukosea. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ndiyo chanzo cha yote. Kwa miaka mingi sikukosea hata mara moja kwa maandishi, na nikaanza kutembea kama mtu asiyekosea.

Mzee Shabani alikuwa mfanyabiashara wa nafaka pale Majengo. Babu zake walifika huku na misafara, wakakaa, na ukoo ukaendelea na biashara. Alikuwa na lori moja, la jeshi, alilolinunua mnadani kwa shirika ambalo baadaye lilivunjwa, na kwa lori hilo alileta mtama na alizeti kutoka Chemba. Siku moja linarudi na mzigo, polisi wakalisimamisha. Walipotazama namba ya chesisi wakakuta pale penye namba pamechomelewa bamba la chuma. Mzee Shabani akaeleza kwamba chesisi ilipasuka kwa sababu ya barabara, na fundi wa Chemba akaiziba bila kujali kilichoandikwa. Jambo la kawaida kabisa, mimi mwenyewe nimeziona nyingi. Lakini mwaka uliotangulia lori la aina hiyo hiyo lilikuwa limeibwa kwenye yadi ya idara moja ya mkoa mwingine. Karatasi za mnada zilikuwa zimepotea pamoja na shirika. Kadi ya gari wakasema kadi siku hizi zinachapishwa hata vichochoroni.

Alichobaki nacho ni picha iliyokuwa imetundikwa sebuleni kwake. Ilipigwa siku alipolileta lori nyumbani, wakachinja mbuzi wakasoma dua. Nyuma yake mpiga picha alikuwa amegonga muhuri wenye tarehe, miaka kadhaa kabla ya ule wizi. Mpiga picha mwenyewe alikuwa ameshahama mji. Hesabu ikawa nyepesi: kama lori la pichani ndilo lililokamatwa, Mzee Shabani ni mwenye mali yake. Kama silo, basi ni mwizi. Wakaniita nikaamue.

Tulikutana kwenye yadi ya polisi. Walimtoa mahabusu amevaa kanzu iliyochafuka magotini na kandambili zisizo jozi. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Fundi. Afadhali umekuja mtu wa magari. Hilo nalijua kama ninavyoyajua meno yangu."

"Tutaona, mzee," nikasema.

Niliiweka picha juu ya bampa, nikatoa vikaratasi, nikafunika watu wote. Walikuwa wengi. Mtoto wa kike alikuwa amechomoza kwenye tundu la paa, naye nikamfunika hadi kiunoni. Namba za shirika zilikuwa zimeshang'olewa, mpya hazijatoka, na kitambaa cheupe kilifungwa mbele kwa furaha ya siku ile, kwa hiyo hapakuwa na maandishi popote. Kioo cha mbele kilikuwa kimepigwa na jua, usukani hauonekani. Nikaanza kuhesabu kutoka puani. Nilipofika juu, moyo ukaruka. Tundu la lori la pichani lilikuwa upande wa kulia.

Fundi wa kawaida angetazama picha, angetazama lori, angesema yamefanana, na angekuwa sahihi. Mimi nilijua zaidi. Nilijua kwamba tundu la kulia maana yake usukani wa kushoto, na lori lililokuwa mbele yangu lilikuwa na usukani kulia na tundu kushoto. Kwa hiyo ni malori mawili tofauti. Tairi la akiba nalo pichani lilikuwa upande mwingine. Hapo ilinipasa nitulie kidogo, kwa sababu katika picha za Fundi Lameki kiwanda kilihamisha usukani na tundu tu, tairi la akiba hakikuligusa. Tairi lilinisemesha, nikalinyamazisha. Nikajiambia labda walilihamisha huko huko jeshini. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeona kisichoonwa na wengine, na furaha hiyo haipendi maswali.

Mzee Shabani aliniona ninavyokusanya vikaratasi. "Fundi, hilo ni gari langu," akasema.

"Mzee, watu husahau. Chuma hakisahau."

Nilimwambia hivyo, mtu aliyenizidi umri kwa miaka ishirini, amesimama na kandambili zisizo jozi. Na niliona nimesema neno zuri. Jioni ile niliandika ripoti kwa nakala tatu, nikasaini zote.

Wiki mbili zilipita. Siku ya Alhamisi, kama saa nne asubuhi, akaja karakana binti wa miaka kama ishirini, amejitanda khanga, akasimama mlangoni mwa ofisi yangu hadi nilipomkaribisha.

"Shikamoo mzee. Mimi ni Mwanaidi, binti wa Mzee Shabani wa Majengo. Nimekuja unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mwanangu?"

"Ulichokiona wewe ambacho sisi tuliokaa na gari miaka yote hatukukiona."

Swali lilinipendeza, nisiseme uongo. Picha nilikuwa nayo pamoja na nakala ya ripoti, inasubiri mahakama siku ya Jumatatu. Nikaitoa, nikapanga vikaratasi vyangu.

"Mbona unatufunika?" akauliza. "Huyu hapa tunduni ni mimi."

"Ndivyo tunavyosoma. Sasa tazama. Tundu liko kulia kwa dereva. Gari lenu tundu liko kushoto."

Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Kulia ndiyo wapi? Mbona wao wametuelekea sisi?"

Ni swali ambalo kila mwanagenzi huliuliza. Nikamwambia ajifanye yumo ndani ya picha. Akainua mkono wake wa kulia, akautazama, kisha akaanza kuondoa vikaratasi kimoja kimoja, anatafuta mtu mwenye mkono wa kulia wa kumwongoza. Alimkuta baba yake, amesimama karibu na gurudumu la mbele, anapokea kikombe cha kahawa kutoka kwa shekhe. Akaondoa kikaratasi kingine. Pembeni, kivulini mwa lori, wanaume wanne walikuwa wameinamia sinia la pilau.

"Mzee," akasema taratibu, "hawa wanakula kwa mkono gani?"

Nikachukua lenzi. Wanaume wanne, sinia moja, na wote wanne mkono wa kushoto umo ndani ya wali. Shekhe anatoa kikombe kwa kushoto. Mzee Shabani anapokea kwa kushoto.

"Picha hii imekaa ukutani kwetu tangu nikiwa mdogo," Mwanaidi akasema, "na leo ndiyo naiona. Kuna mtu Majengo atakula pilau ya dua kwa mkono wa kushoto? Tena mbele ya shekhe?"

Hakuna. Wala Mvumi hakuna. Mimi Mgogo na Mkristo, marehemu mama yangu angenichapa kwa mwiko. Nilinyanyuka nikatoka nje nikiwa na picha mkononi, yeye nyuma yangu, hadi kwenye lori la kwanza nililolikuta, nikaielekeza picha kwenye saiti mira. Ndani ya kioo wanaume wanne walikuwa wanakula kwa mkono wa kulia, tundu lilikuwa kushoto, tairi la akiba lilikuwa mahali pake. Nilitazama tena kwa lenzi: ndoano ya mbele upande wa kushoto haina mnyororo wa pini, na matigadi ina mbonyeo chini ya taa. Vyote nilivigusa kwa mkono wangu kule polisi. Aliyeisafisha ile picha aliiweka filamu upande usio wake, basi. Na mimi kwa ustadi wangu wote nilikuwa nimefunika kitu pekee ambacho kingeniambia. Tangu siku ile picha yoyote ikija mezani kwangu naanza na mikono ya watu. Mlichukue hilo kama fundisho la kazi, maana ndilo pekee nililonalo ambalo Fundi Lameki hakunipa.

"Basi twende polisi," akasema Mwanaidi. Uso wake ulikuwa umefunguka.

Nikamwambia ripoti nimeshaisaini, jambo lina taratibu zake, Jumatatu nitalisema mahakamani.

"Bibi yangu hajiwezi, mzee. Mama yake baba. Kila akifumbua macho anamuulizia mwanawe, na mtoto ana huyo mmoja tu. Tumemdanganya kwamba amekwama Chemba kwa mvua, na mvua hakuna."

"Jumatatu si mbali."

Akanitazama. "Si mbali kwa nani?"

Akajitanda vizuri khanga yake, akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Nataka niseme wazi kilichonikalisha, kwa sababu nyinyi mtakutana nacho. Siku zile watu walikuwa wanapunguzwa kazini. Palikuwa na orodha. Mchana ule nilikwenda kwa Meneja nikamweleza habari ya picha. Hakunikataza. Alizungusha kalamu yake mezani akasema, "Yoeli, majina yanaondoka wiki ijayo kwenda Dar. Unataka niandike nini pembeni ya jina lako?" Nilikuwa na watoto watano. Hiyo ni sababu moja, nayo inasameheka. Sababu ya pili haisameheki: sikutaka kuandika kwa mkono wangu kwamba mimi, Fundi Yoeli, nimekosea. Nilitaka siku chache za kutafuta maneno ambayo yangefanya kosa lifanane na ugunduzi. Orodha ilipotoka jina langu halikuwemo. Aliyeondolewa ni karani mmoja ambaye hakuwahi kukosea, kwa kuwa hakuwahi kufanya kitu.

Ijumaa nilifungua giaboksi isiyokuwa na tatizo. Nilipanga gia zote juu ya gunia, nikazifuta kwa dizeli, nikazirudisha, nikaifunga, na ilipofika saa tisa nikaifungua tena. Jumamosi nilikwenda shamba nikarudi kabla sijafika. Jumapili kanisani nilisimama wakati wenzangu wameketi, mke wangu akanivuta shati. Kila nilipotulia nilimsikia yule binti akiniuliza si mbali kwa nani, na badala ya kumjibu nilisimama nikatafuta kitu cha kushika. Ile hali mnayonicheka nayo, ya kutokaa mahali pamoja, wengi hudhani nilizaliwa nayo. Nilizaliwa na kiasi. Iliyobaki niliipata siku zile nne.

Jumatatu sikusubiri mahakama. Nilifika polisi saa moja na nusu asubuhi na barua ya mistari sita: picha imegeuzwa, nilikosea, lori ni la Mzee Shabani. Kumbe ilikuwa mistari sita tu. Inspekta aliisoma, akaisoma tena, akaitazama picha kwenye kioo kidogo cha kunyolea ndevu alichokuwa nacho droweni, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Ungeniletea hii Ijumaa, angetoka Ijumaa hiyo hiyo. Kesi yote ilikuwa inasimama juu ya ripoti yako."

"Si anatoka leo?"

"Anatoka leo. Mama yake amefariki juzi Jumamosi. Jana wamezika. Waliomba aende akazike, aliyekuwa zamu akaogopa kumtoa bila amri."

Nilikaa kwenye benchi la mahabusu kama mtu aliyeletwa pale kwa makosa yake. Walipomtoa, Mzee Shabani alitia saini mahali alipoonyeshwa, akapokea kofia yake na ufunguo wa lori. Hakulitazama lori. Nikamwambia nina pikapu ya karakana, nimpeleke nyumbani. Akakubali kwa kichwa. Tulipofika kwenye kona ya kuingilia mtaani kwake akasema, "Nipeleke makaburini kwanza."

Kaburi lilikuwa bado na unyevu wa maji waliyolimwagia. Alichuchumaa, akainua viganja, akaomba kwa muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma na kofia mkononi, sijui pa kuweka miguu. Alipomaliza akajipangusa uso, akaokota jiwe moja lililoporomoka akalirudisha mahali pake.

"Ilikuwa nishuke mimi," akasema bila kugeuka. "Nimpokee, nimlaze. Ameshuka binamu yangu."

Nikaanza kumwomba radhi. Nikaanza na filamu, jinsi ilivyowekwa kinyume, nikaja kwenye tundu, nikaja kwenye usukani wa kushoto, nikaja kwenye mikono aliyoiona binti yake, maneno yanatoka mengi na sikuweza kuyazuia. Akainua mkono.

"La picha limekwisha, Fundi. Hata mimi nimekaa nayo ukutani sikuona. Mwanangu alikuja kwako lini?"

"Alhamisi, mzee."

"Akakuonyesha ukaona?"

"Niliona."

Akatikisa kichwa pole pole, kama anayesikiliza bei sokoni. Ndipo akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kule yadini.

"Na Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini," nikasema.